Swali la Getini

Mwalimu wangu tulimzika mwezi uliopita, na ubishi wetu haujaisha.

Nililelewa Machakos, mtoto wa fundi cherehani wa sokoni. Shule, shahada mbili, miaka kadhaa ya kufundisha, hayo yalipita. Mwaka 2003 nikasajiliwa kwa uzamivu wa uchumi, mada yangu ikiwa "Mchango wa EPZ katika Uchumi wa Kenya", yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje. Msimamizi wa kwanza alikuwa mtu wa jina kubwa. Alikaa na sura yangu ya kwanza miezi minane, akairudisha haina hata alama moja ya kalamu.

Wa pili, huyu tuliyemzika, hakujulikana nje ya idara. Aliisoma mada, akauliza, "Umewahi kufika getini?" Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye geti la EPZ, Athi River, kando ya barabara ya Namanga. Wanawake walishajipanga nje wakingoja kuitwa kibarua. Waliponiona na daftari wakanizingira: "Karani, andika jina langu!" Mwalimu akanivuta pembeni. "Usihesabu ajira tu. Tangu sheria ya 1990, viwanda hivi vinasamehewa kodi ya mapato miaka 10. Sasa uliza: huyu aliye ndani angepata shilingi ngapi kama kiwanda kisingekuwepo?"

Hapo ndipo tasnifu ilipozaliwa, na ndipo tulipokosana. Yeye alitaka nilinganishe kipato cha walioingia na cha waliobaki getini. Nikakataa. Getini watu huchujwa: anayeijua mashine huingia, asiyeijua hurudi Mlolongo kwa miguu. Nimekua chini ya meza ya fundi, najua mikono haifanani. Ningekuwa napima ujuzi huku nikidai napima kiwanda.

Tarehe 1 Januari 2005 ikaniamulia. Kota zilizoibana China isiuze nguo nje itakavyo zilifutwa. AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000, ilikuwa bado inaingiza nguo zetu huko bila ushuru, lakini baadhi ya wenye viwanda walifunga, wakaondoka. Hodari na mzembe wakatoka siku moja, bila kosa lao. Niliwafuata Kitengela na Mlolongo mwaka mzima, nikiuliza leo umepata nini, jana ulipata nini. Nikaamini nimepata jibu safi.

Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wenye mikono mizuri walinusa mapema, wakahama kabla ya kufuli. Hawa wako ni mabaki." Nikajibu kwa kurasa 11. Akatia sahihi, na chini yake akaandika kwamba hajakubali.

Ninyi wanafunzi wa uzamivu mnaochagua mbinu ya hesabu kwanza, kisha mnazunguka kuitafutia swali, mnaniumiza moyo. Data ya kupakua haitakuambia nani alirudishwa getini. Na kabla ya kumfuata msimamizi kwa jina lake, waulizeni wanafunzi wake wa zamani: sura hukaa mezani kwake siku ngapi, na hurudi na nini? Mimi nilipoteza karibu mwaka kwa kutouliza.

Mara ya mwisho alinipigia simu usiku, sauti imekwisha. "Wale waliohama mapema, umewatafuta?"

"Bado, Mwalimu."

Tangu mazishi nimewapata wanne, wote waliacha kazi Novemba na Desemba 2004. Watatu walikuwa washonaji wa kola, kazi asiyopewa mgeni.