Damu ya Baba Yetu

Mdogo wangu alipoiba nyavu za jirani akaziuza ili apate unga, nilisimama kanisani hapa Mkwaja nikaomba dua ambayo leo naionea haya. Nilimwomba Mungu amvunje mtu huyo asiye na imani. Mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliinuka, akatoka. Hatukumwona kwa miezi saba.

Tulimkuta Tanga mjini, amekonda. Tukampeleka Hospitali ya Bombo kwenye kliniki ya methadoni, dawa ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Mkwaja, kwa gari na kivuko cha Pangani, asingeweza kwenda na kurudi kila siku, basi tukampangia chumba mjini.

Siku moja muuguzi aliniuliza kama katika ukoo wetu yuko mwingine aliyeshindwa na kilevi. Nikamtaja baba, ambaye mnazi ulimmaliza. Akanieleza kwamba tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa karibu nusu ya hatari ya uraibu hutokana na urithi. Si kinasaba kimoja, ni vingi, kila kimoja na mchango wake mdogo, na baadhi huhusiana pia na tabia ya pupa na kutojizuia. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutaja nani atakuwa teja. Lakini heroini ikishauzoesha ubongo, kuikosa ni mateso. Methadoni hushika mahali palepale kwenye ubongo, polepole, kwa siku nzima, na mtu akipimiwa vizuri halewi.

Nilirudi nyumbani na swali: kama imo katika damu, dhambi iko wapi? Nikawakumbuka wanafunzi waliomuuliza Yesu ni nani aliyekosa hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu hakumlaumu yeyote kati yao. Alimponya.

Nilipomwambia mdogo wangu maneno ya muuguzi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, kiu labda nilirithi. Nyavu niliiba mimi." Sasa anabeba mizigo sokoni, na kila mwezi hunipa fedha kidogo nimpelekee jirani.

Maneno yake yalinichoma. Mimi na yeye ni wa baba mmoja. Sijawahi kuonja mnazi wala unga, na miaka yote nilihesabu kwamba ni uthabiti wa imani yangu. Sijui kama ningesimama iwapo ningepewa mwili wake na marafiki zake. Nilichopewa kwa neema nilikigeuza fimbo ya kumpigia ndugu yangu.

Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale nilipoombea dua ile, nikaungama mbele ya washirika. Kisha nikaomba mchango wa kodi ya chumba chake. Wa kwanza kutoa alikuwa yule jirani mwenye nyavu.