Hori ya Mida na Wageni Wake

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi huipita Hori ya Mida upande wake wa kulia bila ya kuijua, kwani imesitirika nyuma ya miti. Wengi wetu huenda Gede, karibu na hapo, kuyatazama magofu na msikiti wa kale, kisha tukarudi zetu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hata mwezi wa Machi uliopita nilipofika horini na mwanangu wa miaka 10.

Hori hii imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Tulifika maji yanapwa. Mzee mmoja wa Kigiriama alituongoza juu ya daraja jembamba la mbao, katikati ya mikoko na michu. Kwanza sikuona kitu ila matope. Kisha matope yakaanza kwenda! Walikuwa ni vitwitwi, mamia kwa mamia, wengine vifua vimekwisha kuwa vyekundu. Nalo ndilo vazi lao la kuolea huko kwao Siberia, ambako hutaga mwezi wa Juni.

Aliyenishangaza zaidi ni ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kuvunjia mawe. Huyu huenda kutaga katika pwani za Omani na Ghuba. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Mababu zetu walingoja kaskazi ndipo majahazi yashuke, yeye hangoji. Agosti keshafika, kusi ingali ikimpiga usoni, na kinda lake nyuma likiomba chakula kwa mluzi.

Maji yalipojaa, ndege wote walikusanyika juu ya fungu moja lililobakia. Mwanangu akakimbia akipiga makofi. Kundi zima likaruka, likazunguka mara tatu, likatokomea. Mimi nilicheka. Mzee hakucheka.

“Mjukuu wangu,” alisema, “kitwitwi huyu uzito wake ni kama gramu 60, na safari yake yapita kilomita 8,000. Mafuta anayoyakusanya sasa ndiyo masurufu yake. Kila arushwapo, huyapunguza. Na leo wewe si wa kwanza kumrusha.”

“Na yasipomtosha?”

“Huanguka njiani.”

Nilitahayari, maana hayo yalinihusu mimi zaidi kuliko mtoto.

Mwezi wa Mei hori huwa kimya. Hubaki wale wachanga tu, wasiofikia umri wa kutaga. Atakaye kwenda na familia yake, basi na aende baina ya Septemba na Machi, afike saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, maana hapo maji yenyewe huwasogeza ndege karibu na mtazamaji. Naye na aketi asiwafuate. Mwanangu ameniomba turudi Agosti kuwasikiliza makinda ya mla kaa.