Hakimu wa Daftari: Niliyojifunza Katika Mchezo wa Kubadilishana



 

Mwaka huu nimeombwa niandike juu ya uadilifu katika kuuziana na kubadilishana. Nimeona badala ya kutoa darsa nikusimulieni kisa changu mwenyewe, tena kisa cha aibu kidogo, ili aibu yangu ikufaeni nyinyi.

Mwaka 2008 nilikuwa nikiishi Minneapolis, Marekani. Tulikuwa vijana kumi tunaosikilizana kwa Kiswahili: watu wa Mombasa, Lamu na Tanga, na Wasomali waliokulia Kenya. Tukikutana msikitini na kazini, na siku za mapumziko tukicheza mchezo unaopendwa sana kule, wa ligi ya kubuni. Mchezo huo ulianzishwa mwaka 1962 na Bill Winkenbach wa Oakland pamoja na wenzake, ukichezwa kwa karatasi na kalamu. Sisi nasi tulicheza kwa daftari, na mwenye daftari nilikuwa mimi. Kwa kuwa nilikuwa nikisomesha watoto Qur'ani Jumamosi na Jumapili, wenzangu walidhani nitakuwa mwadilifu.

Kabla mzazi yeyote hajaniuliza, naeleza mapema kwamba hatukutoa hata senti moja. Kila mtu kutoa kiingilio kisha mshindi akachukua zote ni kamari, na kamari ni haramu ijapokuwa ya dola moja. Mshindi wetu aliandikwa jina lake kwenye jalada la daftari, basi.

Mchezo wenyewe ni wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Kila mmoja wetu alichagua wachezaji wa kweli, na walivyofanya uwanjani ndivyo alivyopata pointi. Mkimbiaji wako akikimbia yadi 10 unapata pointi 1, akivuka mstari wa mwisho na mpira unapata pointi 6. Nyinyi mnaocheza mchezo kama huu wa ligi ya Uingereza kwenye simu mmezoea kuona mchezaji mmoja yumo katika vikosi vya watu wengi. Kwetu kila mchezaji alikuwa na mwenyewe mmoja tu. Ukimtaka, ilikubidi umwendee mwenyewe mbadilishane. Watu wakishakubaliana, walinijia mimi niandike au nikatae.

Jumamosi tarehe 6 Septemba, siku ya sita ya Ramadhani, walinijia wawili. Mmoja, mtu wa Lamu, alikuwa na LaDainian Tomlinson, mkimbiaji mwenye jina kubwa aliyevusha mpira mstari wa mwisho mara 31 katika msimu wa 2006. Alitaka kumtoa ampate Michael Turner, ambaye kwa miaka minne alikuwa msaidizi wa huyo huyo Tomlinson na ndiyo kwanza amehamia Atlanta. Nikaona huu ni wazimu. Tena wawili hao walikuwa mtu na binamu yake, nikaingiwa na shaka kwamba wanasaidiana kwa siri. Yule wa Lamu akanieleza kwa utulivu: Tomlinson ana miaka 29, na Januari iliyopita aliumia goti, Turner ana miaka 26, hajachoka, na sasa amepata timu ya kuanza yeye. Binamu yake alikuwa akiyajua yote hayo, ila alipenda jina kubwa. Sikuwasikiliza. Nikasema, "Hii si haki," nikafunga daftari.

Kesho yake, Jumapili, mchana wa saa saba na nusu, nilipigiwa simu na mwenzetu mmoja dereva wa teksi. Alisema amekubaliana na kijana wa Tanga kubadilishana: yeye atoe Tom Brady, apewe Adrian Peterson. Brady, mrushaji wa New England, msimu wa 2007 alitoa pasi 50 za kuvuka mstari, rekodi ya wakati ule. Peterson alikuwa mkimbiaji wa timu ya hapo hapo kwetu Minnesota, iliyokuwa icheze Jumatatu usiku. Jina kubwa kwa jina kubwa. Nikampigia kijana wa Tanga kazini kwake, kwenye ghala la mizigo. Akasema, "Nimeridhika, Maalim, andika." Nikaandika.

Sasa sikilizeni, wanafunzi wangu. Mechi ya New England ilianza saa sita mchana, na katika robo ya kwanza Brady alipigwa goti akatoka uwanjani akichechemea. Dereva aliisikia habari hiyo ndani ya teksi yake. Kijana wa Tanga alikuwa ghalani tangu asubuhi, hana redio wala televisheni. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeisikia redioni nusu saa kabla ya kupigiwa simu. Nilijua. Nikajiambia moyoni, wameridhiana wenyewe, mimi ni mwandishi tu. Na kweli iliyo chini ya hiyo ni kwamba dereva yule ndiye aliyekuwa akinipa lifti ya kwenda kazini kila asubuhi, sikutaka kumuudhi.

Magharibi tulikutana msikitini kufuturu. Kijana wa Tanga aliingia akiwa amekwisha pata habari njiani. Hakupiga kelele. Alimwuliza dereva mbele yetu, "Kaka, uliponipigia ulikuwa unajua?" Dereva akajibu, "Sikukudanganya. Hukuniuliza."

Mzee mmoja wa Barawa aliyekuwa akigawa tende akasimama na sahani yake mkononi. Hakumtazama dereva, alinitazama mimi. Akaniuliza, "Na wewe mwenye daftari, mwanangu, ulijua?"

Nilikuwa nimefunga kutwa, na koo langu halijapata kukauka namna ile. Nikasema, "Nilijua, mzee."

Mzee akatukumbusha kisa tulichokisoma sote vyuoni. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikapata maji. Mwenye chakula akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Yule muuzaji hakusema neno la uongo. Alinyamaza tu, na rundo likasema uongo kwa niaba yake. Kisha mzee akaongeza kuwa wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba hata asiyekuwa muuzaji, akiijua aibu ya kitu, inampasa aieleze.

Qur'ani katika Surat Nisaa, aya ya 29, imeifanya biashara ya halali kuwa ni ile ya kuridhiana. Usiku ule nilifahamu kwamba mtu hawezi kuridhia asichokijua. Kijana wa Tanga aliridhia Brady mzima, na Brady mzima hakuwapo.

Nilimwomba radhi mbele ya watu, nikampa khiyari kama anavyopewa aliyefichwa aibu ya bidhaa: ashike au arudishe. Akarudisha. Dereva alinyamaza kidogo, akachukua kalamu yangu akakata mstari ule mwenyewe. Jumatatu ikatangazwa kuwa msimu wa Brady umekwisha.

Yakabaki yale ya Jumamosi, nayo hayakuwa na dawa. Jumapili ile ile Turner alikimbia yadi 220 dhidi ya Detroit na kuvuka mstari mara mbili, yaani pointi 34. Binamu mtu hakutaka tena kumtoa, na nani angemlaumu? Msimu ulipokwisha Turner alikuwa na yadi 1,699, Tomlinson 1,110. Mtu wa Lamu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Maalim, siku ile ulinikinga na nini?" Mpaka leo sina jibu.

Ndugu zangu, katika siku mbili nilihukumu mara mbili na mara zote nilikosea, kwa sababu nilitazama majina nikasahau watu. Waliokuwa wamewekeana wazi kila kitu niliwazuia, kwa kuwa bei yao haikunipendeza. Waliokuwa na siri baina yao niliwapitisha, kwa kuwa bei yao ilipendeza. Hakimu hatakiwi kuanza na bei. Aulize kwanza: je, analolijua huyu, na yule analijua? Je, kila mmoja yu huru kukataa? Ikiwa ni hivyo, na wote ni watu wazima wenye akili zao, bei ni yao, hata kama yeye asingeitoa.

Nanyi hapa madrasa mnabadilishana kalamu, viatu vya mpira, hata baiskeli na simu. Ukimpa mwenzako simu ambayo unajua betri yake inazimika kabla ya Adhuhuri, usingoje akuulize. Mwambie. Akiichukua baada ya hapo, imekuwa yake kwa halali. Na ewe unayesimama kando ukijua, usiseme mimi ni shahidi tu. Nami nilisema mimi ni mwandishi tu.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe wakweli wa ndimi na wakweli wa kimya chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.