Ramani ya Vyoo

Barabara ya kutoka Gongo la Mboto hadi Posta naijua kwa vyoo vyake. Najua sheli ipi mlinzi wake hana maneno, msikiti upi vyoo vyake haviko mbali na barabara, na wapi ukibanwa, basi tena, ni wewe na Mungu wako.

Nina ugonjwa wa Crohn. Jina limetokana na daktari Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza kitaalamu huko New York mwaka 1932. Utumbo unavimba na kutoka vidonda, unatulia miezi kadhaa, halafu unaanza upya. Hauponi, unadhibitiwa tu. Kabla ya kulijua jina hilo nilishatibiwa amiba, taifodi, hadi TB ya tumbo.

"Punguza mawazo," kila mtu ananiambia. Daktari, shangazi, hata yule dada wa duka la dawa. Siwalaumu. Mawazo hayauleti ugonjwa huu, ila yanaweza kuuchochea. Lakini mtu unayapunguzaje ukiwa siti ya dirishani, foleni imesimama Tazara, na tumbo limeanza kunguruma? Nikiogopa, linakaza. Likikaza, naogopa zaidi.

Nimejaribu mengi: kuvuta pumzi taratibu, kutembea jioni, kuandika kwenye daftari nimekula nini na nimelalaje. Yanasaidia, sikatai. Ila daftari liliniumbua. Nilidhani siku mbaya zitafuata maharage na pilipili. Wapi! Nyingi zilifuata siku nilizodanganya: nilipoaga kazini kwamba nina malaria, nilipokwepa harusi ya binamu yangu kwa safari ya uongo, nilipokonda kilo 11, majirani wakaanza kunong'ona, nami nikajifanya sisikii.

Kumbe mzigo mwingine niliubeba mwenyewe. Ugonjwa sikuuchagua, lakini kuuficha ilikuwa kazi ya pili, tena isiyo na likizo.

Basi siku moja nikamfuata bosi wangu, mama mtu mzima, nikamweleza yote, vyoo na damu, bila kupamba. Nikaomba meza ya karibu na mlango. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona hukusema? Sisi tulidhani una..." Hakumalizia. Hakuwa na haja. Nilikuwa nimeogopa miaka miwili watu wasije wakajua, kumbe walishajua lao, baya kuliko langu.

Meza nilipewa. Vidonge nameza kila asubuhi, kliniki sikosi, na mwezi uliopita ugonjwa uliniamka tena kwa siku tisa. Kusema hakukuniponya.

Ramani bado ninayo kichwani. Ila juzi, kwenye daladala ya asubuhi, nilisinzia. Konda ndiye aliyeniamsha: "Bro, Posta hiyo!" Nilikuwa nimepita sheli zote bila kuzihesabu.