Cheche Inapowahi, Cheche Inapochelewa

Miaka ya 1980, gari la petroli lililokosa nguvu likiingia gereji ya Shangani, mjini Mtwara, aliyeanza kuchunguzwa ni mwenye gari. Linagonga ukipanda Newala kutokea Masasi? Huenda cheche inawahi. Linachemsha, zito kuchanganya, linalipua kwenye bomba la moshi? Huenda inachelewa. Spanaboi mmoja, ambaye leo ana gereji yake, aliyashika maswali hayo kabla hajaruhusiwa kugusa distributa.

Alijifunzia kwenye Land Rover za injini ya lita 2.25. "Anza na pointi, mwanangu, taiming baadaye," fundi wake alikuwa akimwambia. Pengo la pointi, milimita 0.35 hadi 0.40, likibadilika, taiming nayo inahama. Kisigino cha pointi kikilika, pengo linabana na cheche inachelewa, hata kama hakuna aliyelegeza distributa.

Pengo likishakaa sawa, injini ilizungushwa kwa hendeli mpaka alama za taiming zilingane. Balbu ndogo iliungwa kati ya waya wa pointi na bodi, swichi ikawashwa, distributa ikazungushwa taratibu kinyume cha rota. Balbu ikiwaka tu, hapo hapo distributa inakazwa.

Ilibaki kujua kama cheche inasogea mbele mwendo unapopanda. Kazi hiyo hufanywa na vyuma viwili vyenye springi ndani ya distributa, na kwa chumvi ya bahari ya Shangani mara nyingi alivikuta vimeshika kutu. Aliipindisha rota kwa vidole: ikirudi yenyewe, springi nzima. Halafu mpira wa vakyumu aliufyonza kwa mdomo na kuuziba kwa ulimi. Sahani ya pointi ikisogea na kutulia, sawa. Ikirudi, kiwambo kimetoboka.

Distributa mpya ilikuwa Dar es Salaam, na masika barabara haikupitika. Daraja la Mkapa likafunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, na Toyota zilizotumika Japani zikazidi kumfikia. Corolla zenye distributa na kompyuta zilikuwa na utaratibu wake: unaunga matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, kompyuta inaacha kusogeza cheche, ndipo unawasha taa ya taiming na kutafuta nyuzi 10. Aliyeruka hatua hiyo alipima hesabu za kompyuta, akaizungusha distributa bure.

Toyota IST haina distributa ya kuzungusha. Kila plagi ina koili yake, na sensa ya krenki ndiyo inayoiambia kompyuta pistoni ilipo. Mashine ya uchunguzi ikionyesha msimbo P0016, yaani krenki na kemshafti haziendi sawa, wapo wateja wanaofika na sensa mpya mkononi. Yeye hukagua oili kwanza, kisha hufungua kava la juu aitazame cheni. Kwenye IST moja alama za kemshafti hazikulingana na ya pulei ya krenki. Cheni na kikazio chake vikabadilishwa. Sensa ya zamani ikaachwa palepale.