Nilivaa Kahawa Mbichi

Niliuza kahawa ya familia yangu ingali ya kijani mtini ili ninunue suti. Mke wangu anajua, padri anajua, na leo naandika kwa sababu vibanja ninavyovijua hapa Muleba ambamo jambo hili hufanyika kwa siri ni vingi mno.

Ilikuwa Januari 2023, nikiwa na miaka 49. Krismasi ilikuwa imewaleta nyumbani wenzangu wa zamani kutoka Dar es Salaam na Mwanza, maana Mhaya hata akae mbali vipi, mwisho wa mwaka hupenda kurudi kwao. Tulipotoka misani mmoja wao alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo." Alidhani mimi ni kaka yangu mkubwa. Huyo tulikaa naye dawati moja darasa la saba.

Niliitikia "marahaba." Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha.

Usiku ule nilijitazama. Mvi zimejaa, kola ya shati imechanika kwenye mkunjo, viatu vimelika upande mmoja. Nilikuwa nimejisahau kwa miaka mingi, na kutaka kujitengeneza upya hakukuwa kosa. Hilo sitalitubu. Mtu wa miaka hamsini bado ni mtu, na mwili wake unastahili nguo safi inayomkaa vizuri.

Kosa ni pale nilipoenda kutafuta pesa kwa butura.

Kwa asiyeijua butura: mnunuzi anakuja wakati nyumba ina shida, kahawa ikiwa maua au punje changa. Anakupa pesa mkononi, mnaandikiana magunia, naye anasubiri mavuno. Bei anaipanga yeye. Serikali inaikataza, viongozi wameikemea mikutanoni miaka nenda miaka rudi, nasi wakulima tunaitikia kisha tunarudi nyumbani kupiga hesabu za shida zetu. Tangu 2018 kahawa inatakiwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, lakini butura haihitaji ghala wala mizani. Inahitaji karatasi moja na baba mwenye nyumba aliyeamua kunyamaza.

Nilisaini magunia matatu. Mke wangu alikuwa kibanjani akipalilia hiyo hiyo kahawa.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Bukoba, safari ya zaidi ya kilometa sitini. Nilishona suti mbili, nikanunua viatu vya ngozi na saa, nikapaka nywele rangi nyeusi. Nyumbani nilisema kuna mtu amenilipa deni la zamani. Mke wangu aliniangalia, akatabasamu, akasema nimependeza. Katika yote niliyoyatenda, tabasamu lile ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa lilikuwa la kweli, nami nilililipia kwa uongo.

Rangi ya nywele haikukaa wiki tatu. Mvi zilichomoza chini ya weusi, nikarudi Bukoba kupaka tena, na tena, kila safari nauli na kinyozi, hadi pesa ya butura ikaisha kabla kahawa haijaanza kuiva.

Julai mnunuzi alikuja na gari. Mke wangu na binti yetu walikuwa wanageuza kahawa kwenye turubai, wamevuna kwa mikono yao na kuianika kwa zaidi ya wiki mbili. Akaonyesha karatasi. Mke wangu aliisoma mara mbili, akaona jina langu, akaona tarehe. Akaanza kushika midomo ya magunia ili yule mtu ajaze. Hakusema neno mbele ya mgeni. Binti ndiye aliyeniuliza, "Tata, na ada yangu?"

Ile ndiyo ilikuwa ada yake. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Majirani waliopeleka kahawa yao chama cha msingi walipata kwa gunia zaidi ya mara mbili ya nilichopewa mimi.

Baba yangu alikuwa na kanzu moja ya heshima na koti la kijivu alilovaa juu yake. Alivinunua vyote viwili kwa kahawa. Mababu zetu walivaa ngozi na magome ya miti, na kahawa ndiyo iliyotuingiza kwenye pamba na sufu, kwa hiyo hakuna Mhaya anayeweza kuniambia kwamba kuvaa kahawa ni aibu. Lakini baba aliivuna kwanza, akaianika, akaipima, akawalipia watoto shule, na koti likaja mwisho. Alilivaa hadi tulipomzika.

Suti moja niliiuza. Nyingine ninaivaa Jumapili, na mvi zangu nimeziacha, nazipunguza vizuri kwa kinyozi wa hapa hapa mjini Muleba. Mwaka uliofuata kahawa iliuzwa chama cha msingi kwa jina la mke wangu, na risiti anazitunza yeye.

Ndugu yangu mwenye kibanja, mnunuzi akija kahawa ikiwa changa, kabla hujashika kalamu mwite mama watoto akae kwenye kiti cha pili. Mimi sikumwita. Binti yangu aliingia chuo 2024, mwaka mmoja nyuma ya wenzake.