Pazia la Bibury

Tangu utotoni nilikiona kijiji hicho kwenye kalenda, nikidhani picha zimetiwa chumvi. Mwaka jana binti yangu, ambaye anasoma Bristol, alinipeleka Bibury, kule Gloucestershire, nami nikasadiki.

Mto Coln unapita kijijini taratibu, maji yake maangavu hata samaki waweza kuwahesabu. Ng'ambo ya mto zimepangana nyumba za Arlington Row: kuta za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, mapaa ya mwinamo mkali yaliyoezekwa kwa vigae vya mawe. Jengo hilo lilianza mnamo mwaka 1380 kama ghala la sufu la watawa. Katika karne ya 17 likagawanywa kuwa vijumba vya wafumaji. Hakuna ukuta ulionyooka barabara. Kila nyumba imeiegemea jirani yake kama wazee wanaorejea pamoja kutoka msikitini.

Njia nzima nilikuwa nikihofia kukodolewa macho kwa sababu ya buibui langu. Nisijue kwamba mwenye kukodoa nitakuwa mimi.

Nilisogelea dirisha moja dogo, lenye vyungu vya maua, nikainua simu. Ndani alikuwako mwanamke wa makamo yangu, ameketi na kikombe cha chai. Tukatazamana. Akainuka, akavuta pazia, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Dada zangu, niliona haya nisiyoweza kuieleza. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na mlango wetu una nakshi. Mara ngapi nimekuwa uani na kanga ya kazini, nikamkuta mgeni amekwisha kuingiza kamera ukumbini! Marehemu mama alikuwa akiwauliza kwa sauti, "Hodi imeuzwa?" Nami ndiye aliyefunzwa naye kubisha mara tatu, nisipojibiwa nirudi.

"Mama, umeipata?" binti akauliza.

"Nimeifuta, mwanangu."

Tukavuka kidaraja cha mawe, tukaketi ng'ambo, tukala sambusa tulizofunga asubuhi. Kutoka pale nyumba zilionekana zote kwa pamoja, na kwa kweli zilipendeza zaidi, na vivuli vyake vikitikisika majini. Hatukupiga picha nyingine. Tulipokuwa tukikunja mkeka, niliona lile pazia limefunguliwa tena.